Jina Lililobaki Mlimani

Kapkatet,
14 Oktoba 1997

Kwa shemeji yangu Kipruto,

Chamgei. Sisi huku tunapumua. Mama yenu ni mzima isipokuwa magoti, na ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mvua imekuja na fujo mwaka huu. Wiki jana mvua ya mawe ilipiga chai kutoka kwetu hadi upande wa hospitali, sasa shamba limebaki vijiti na tunangoja majani yachipue upya. Mama anasema tumshukuru Mungu kwamba mahindi yamepona. Nimeshukuru, lakini shingo upande.

Mimi mwenyewe nimefikisha miezi sita. Tumbo limekuwa kubwa hata kikapu cha kuchumia nakifunga juu juu mgongoni, na wanawake wa senta ya kupimia majani ya chai wananicheka.

Sasa nikuulize. Kaka yako yuko wapi? Unamjua Kipkosgei, mwisho wa mwezi ukifika lazima aandike, hata kama ni kunilalamikia tu juu ya huyo Kinyua anayewapangia mizigo ya wageni huko mlimani. Barua ya mwisho ni ya Agosti. Aliniambia anakohoa, na kwamba wewe umemwambia ni baridi tu, atazoea. Septemba kimya. Leo ni katikati ya Oktoba.

Katika barua hiyo alinichekesha kidogo. Alisema vilele vyote vya huko vina majina ya wazee wa Kimasai waliokufa zamani, na aliyewapachika huko ni mzungu, hata watoto wao hawakuulizwa. Akasema, "Chepchumba, mimi nikifa jina langu lisiachwe kwa mawe. Niite kwa mtoto, nirudi nyumbani." Nilicheka siku hiyo. Siku hizi sicheki.

Wewe ndiye uliyemwita huko, shemeji, kwa hiyo ni wewe ninayekuuliza. Mwambie aandike. Hata mstari mmoja unanitosha.

Ni mimi, mke wa kaka yako,
Chepchumba


Naro Moru,
9 Novemba 1997

Kwa shemeji mpendwa,

Nimepokea barua yako ikiwa imelowa, maana daraja fulani lilisombwa na posta ilikaa siku nyingi bila gari. Natumaini Mama anapata dawa ya magoti. Pole kwa chai. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Usiwe na wasiwasi. Kipkosgei yuko kazini huko juu, katika kibanda kilicho karibu na barafu. Huko hakuna posta, na watu wanaoshuka ni wachache kwa sababu ya hali ya hewa. Ndiyo maana hajaandika.

Labda nikueleze mlima ulivyo, ili uelewe. Ukitoka hapa unapita msitu, halafu mianzi, halafu kuna mteremko wa matope ambapo mguu unazama hadi gotini. Baada ya hapo miti inaisha. Kuna mimea mikubwa kama kabichi iliyosimama kwa mguu mmoja, jioni inafunga majani yake na asubuhi inafungua. Juu kabisa kuna vilele vitatu ambavyo mgeni lazima atajiwe. Batian ni mita 5199, Nelion 5188, hivyo viwili ni vya watu wa kamba. Lenana ni 4985, hapo ndipo tunapowapeleka wageni wa kutembea kwa miguu. Wakikuyu wanauita mlima wote Kirinyaga. Wazee wao waliomba wakiuelekea, hawakuwa na haja ya kuupanda.

Hali ya hewa ya huko ni ya ajabu. Asubuhi ni safi, unaona hadi mwisho wa dunia. Ikifika saa nne ukungu unaanza kupanda kutoka bondeni, na saa sita huoni mkono wako. Jua la mchana linapasua midomo, na jua likishazama maji yanaganda ndani ya sufuria. Maharagwe hayaivi hata uyachemshe siku nzima, kwa kuwa maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Mwaka huu theluji imekuwa nyingi kuliko wazee wa kazi wanavyokumbuka, ingawa wanasema barafu yenyewe inarudi nyuma kila mwaka.

Kwa hiyo unaona, shemeji, mambo ya huko si kama ya huku chini. Kula vizuri na usibebe kikapu.

Wako,
Kipruto


Kapkatet,
30 Novemba 1997

Kwa Kipruto,

Chamgei. Mama anakusalimu. Ndama anaendelea vizuri. Daraja letu la kwenda mtoni limekwenda na maji, tunazunguka kwa jirani. Hizo ndizo habari, nimezimaliza.

Nimekuuliza mtu, umenijibu mlima. Nimeisoma barua yako mara nne nikitafuta Kipkosgei, nimempata katika mistari minne tu. Kabichi zimepata mingi kuliko yeye. Mimi si mgeni wako wa kutajiwa mita. Ukungu unaingia saa ngapi unajua, maji yanagandaje unajua, na kama kaka yako bado anakohoa hujui?

Wewe umesoma hadi kidato cha nne, mimi niliachia cha pili, lakini mtu akizunguka namwona. Umezoea kuzunguka tangu siku ile ulipopoteza mbuzi wa Mama ukatueleza habari za mto.

Nitakuambia kwa nini nakusumbua. Mtoto atazaliwa Januari. Wazee wa kike wa ukoo wenu watakuja kuita majina, unajua desturi yetu. Watawaita waliokufa mmoja mmoja, na atakayeitwa mtoto akapiga chafya, huyo ndiye aliyerudi. Aliye hai haitwi. Ukimwita aliye hai umemzika. Na aliyekufa asipoitwa siku hiyo, mtoto atachukuliwa na mwingine, na yeye atabaki nje.

Basi kama Kipkosgei yuko hai, niambie nitulie. Kama hayuko, niambie pia. Najua mnasema mwanamke mwenye mimba hapewi habari mbaya. Mimi nimeamka kila siku kwa miezi miwili nikimzika na kumfufua kabla chai haijachemka. Hakuna habari inayozidi hiyo ubaya. Nakuomba, Kipruto. Nimepiga magoti, na kwa tumbo hili kuinuka ni kazi.

Chepchumba


Naro Moru,
20 Desemba 1997

Kwa shemeji yangu Chepchumba,

Krismasi njema kwako na kwa Mama. Mwambie nimepata sweta nzito ya mitumba, nitamletea.

Umenigombeza, na una haki. Nilikuwa sitaki kusema jambo ambalo Kipkosgei alitaka akueleze yeye mwenyewe. Ukweli ni kwamba hayuko tena kwenye mlima huu. Mwezi wa tisa alipata mgeni aliyempenda kwa kazi yake, akaenda naye Tanzania, kwenye Kilimanjaro. Kilele chake kinaitwa Kibo, ni mita 5895, kirefu kuliko vyote Afrika. Huko wapagazi wanakaa makambini muda mrefu, na barua kutoka nchi nyingine unajua zilivyo. Kifua chake kilipona. Ni mzima.

Usiniulize zaidi, maana mimi pia nangoja barua yake. Lakini ni mzima, shemeji. Waambie hivyo wale wazee wa kike wakija. Wasimwite.

Kinyua anakusalimu. Mtoto azaliwe salama.

Kipruto


Kapkatet,
2 Februari 1998

Kwa shemeji yangu mpendwa Kipruto,

Chamgei, tena chamgei. Una mtoto wa kaka! Alizaliwa tarehe kumi na moja Januari, asubuhi, hapo hospitalini. Ni mvulana, na masikio ni ya Kipkosgei, yale ya kusimama. Mama amesahau magoti kabisa. Anatembea na mtoto kutoka jikoni hadi kwenye chai akimwonyesha kila mche kama mkaguzi.

Barua yako ilifika siku mbili kabla ya uchungu. Niliisoma nikakaa chini kwenye nyasi nikalia mpaka yule mbwa akaja kuninusa. Nilikuwa nimekuwazia vibaya sana, shemeji. Nilikuwa nimeshakuhukumu kwamba umeniletea kifo ukakificha. Nisamehe. Mwanamke akiwa mzito na mawazo yanakuwa mazito.

Nikusimulie siku ya majina. Walikuja wanne, wakiongozwa na Gogo Chemutai, yule bibi asiye na meno ya mbele. Mchungaji wetu husema kanisani kwamba kuita majina ni mambo ya giza, lakini mke wake mwenyewe alikuwa amekaa karibu na mlango na shingo ameinyoosha. Gogo akampakata mtoto, akampa harufu ya ugoro kwa mbali, akaanza kuita. Aliita baba wa baba yenu, kimya. Aliita ndugu zake wote, kimya. Mtoto alikuwa amefumbua macho anamtazama tu, hachezi, hageuki. Walipita majina kumi na saba, shemeji. Gogo akachoka. Akanigeukia akaniuliza, "Binti yangu, hakuna mwingine? Huyu anangoja mtu."

Wote wakanitazama. Najua walichokuwa wanafikiri, maana kijijini wamesema mengi. Mama yenu aliinamisha kichwa. Mimi nikaenda kwenye sanduku nikatoa barua yako, nikawasomea pale palipoandikwa ni mzima, wasimwite. Nikawaambia mume wangu yuko Kilimanjaro na hakuna atakayemzika ndani ya nyumba yangu.

Basi Gogo akarudi nyuma zaidi, kwa watu ambao hata Mama hawakumbuki vizuri. Alipomwita Mosonik, akiwa amesogeza ugoro karibu, mtoto akapiga chafya. Wakacheka, wakapiga vigelegele. Kwa hiyo yeye ni Mosonik. Unajua mtoto akilia sana baada ya hapo ni dalili kwamba amepewa asiye wake, na majina hurudiwa. Huyu halii. Ananyonya, analala, anatoa mbweu kama mzee aliyemaliza kibuyu cha maziwa ya mursik. Mosonik amekaa vizuri.

Kipkosgei akikuandikia mwambie ana mtoto. Mwambie sijakasirika. Mwambie tu arudi, chai imechipua.

Wako mwenye furaha,
Chepchumba


Naro Moru,
8 Machi 1998

Kwa Chepchumba,

Sijui niandike salamu gani. Barua yako nimekaa nayo wiki tatu. Kinyua alinikuta nayo nyuma ya stoo ya mahema, akaniambia, "Usipomwandikia leo, naandika mimi." Ndiyo maana unapata hii.

Hakuna Kilimanjaro. Sijawahi kuiona. Kipkosgei alikufa tarehe 23 Septemba, kwenye Lenana, hatua chache chini ya kilele.

Tulikuwa na mgeni mmoja. Mimi nilikuwa mwongozaji, Kipkosgei alibeba mkoba wa kamera. Kule kibandani alikuwa anakohoa povu na kichwa kinamuuma. Aliniambia, "Ndugu yangu, mimi leo nibaki." Nikamwambia anywe chai, ni baridi tu, kwa sababu mgeni alitaka picha na mimi sikuwa na mtu mwingine. Kaka yangu mkubwa alinitii mimi kwa kuwa mimi ndiye niliyejua majina ya vilele.

Tulifika juu asubuhi kukiwa safi. Wakati wa kushuka mgeni alianza kuyumba na kutapika, na ukungu ulikuja mapema kuliko kawaida. Kipkosgei hakuweza kutembea haraka. Nilimkalisha nyuma ya mwamba mkubwa kando ya barafu, nikamfunika na koti langu, nikamwambia, "Usiondoke hapa, nashusha huyu narudi." Akasema, "Sawa, lakini usichelewe." Hayo ndiyo maneno yake.

Kazi yetu ina sheria, mgeni hushushwa kwanza. Nilifuata sheria. Mgeni alipona, akaenda kwao. Mimi niliporudi theluji ilikuwa inaanguka, na mwamba huo sikuuona. Theluji ilianguka siku mbili. Siku ya tatu tulipanda mimi, Kinyua na watu wa uokoaji. Mwamba tuliupata. Koti langu lilikuwepo, limekunjwa. Yeye hakuwepo. Labda alijaribu kushuka akaingia kwenye ufa wa barafu. Tulimtafuta siku sita, tukiita jina lake mpaka sauti zikaisha.

Watu wa uokoaji walinipa mimi barua ya kifo chake niipeleke nyumbani, kwa kuwa nimeandikwa ndugu wa karibu. Nilipanga kuja. Halafu yako ya Oktoba ikafika, na una mimba, nikasema ngoja ajifungue kwanza. Na tena, kwa kuwa hatukuona mwili, kuna asubuhi nilikuwa najidanganya kwamba atatokea. Nilikuwa naficha kwa ajili yako, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Si kweli. Nilikuwa naogopa uso wa Mama.

Sikujua kwamba nilikuwa nafunga mlango aliotaka kuingilia. Ulinieleza Novemba, ulinieleza waziwazi, nami bado niliandika wasimwite. Majina kumi na saba, Chepchumba. Mtoto alikuwa anamngoja baba yake, na mimi nikamzuia.

Ukitaka nisije kamwe, sitakuja.

Kipruto


Kapkatet,
19 Aprili 1998

Kipruto,

Mama amenyoa nywele. Mimi nimenyoa. Tulikaa bila kuwasha moto siku nne, majirani wakatuletea uji. Hakuna mwili wa kuzika, kwa hiyo watu walikuja wakasimama uani hawajui waangalie wapi. Chai imekomaa hadi imekuwa ngumu na sikuwa na mkono wa kuichuma.

Sina nguvu ya kukutukana. Nilikuwa nazo Novemba, ukazila zote.

Nilimpeleka mtoto kwa Gogo Chemutai. Nikamwomba arudie majina. Nilimwambia kosa ni langu, ni mimi niliyetoa barua sandukuni. Akamtazama mtoto muda mrefu, mtoto akamchekea. Akaniambia, "Huyu amekwisha kukaliwa na mwenye jina, ametulia. Siwezi kumfukuza Mosonik kwa sababu watu wazima walidanganyana." Nilimsihi mpaka nikamshika miguu. Akakataa. Usiku huo nilimchukia mtoto wangu kwa muda mfupi, na hilo sitakusamehe hata mengine nikiyasamehe.

Kwa hiyo Kipkosgei yuko nje. Yuko huko kwa mawe na wale Wamasai, jinsi alivyosema asifanyiwe. Nikilala namwona amekunja lile koti.

Wazee wa ukoo wamekaa mara mbili. Wamesema nyumba ya Kipkosgei isizimike, na ndugu yake aje aisimamie kwa desturi, na mtoto tutakayemzaa atahesabiwa ni wa Kipkosgei, na siku ya kumwita majina, Kipkosgei ataitwa wa kwanza. Mchungaji amesema hilo si ndoa ya Kikristo. Nikamwambia ni kweli, si ndoa. Mama alinishika mkono.

Nimekubali. Sikupendi, Kipruto, na sitakupenda. Nikisikia sauti yako najua nitasikia ile ya "usiondoke hapa." Lakini njia nyingine ya kumrudisha haipo. Wewe ndiye pekee wa damu yake, nami nina nyumba moja tu.

Njoo kabla ya mwisho wa mwezi wa sita. Usilete sweta. Usiniambie habari za mlima, hata mtoto akikuuliza. Utafanya kazi ya shamba na utakula chakula nitakachopika, na hatutazungumza mengi. Mungu akitupa huyo mtoto, na Gogo akiita na yeye akapiga chafya, basi kila jioni wewe ndiye utakayesimama mlangoni umwite Kipkosgei aje ale. Utamwita mpaka aitike. Na usichelewe.

Chepchumba